Msumeno wa Kukatia Mabamba ya Simenti: Chagua Meno Machache

Wakulima wengi wa Lumakanda hujenga baada ya mavuno ya mahindi. Mvua zimepungua, njia zimekauka, fedha kidogo zimeingia mkononi, na mwenye nyumba huutazama ukuta wake wa mbao ulioliwa na mchwa, akasema, "Mwaka huu sina budi." Siku hizi wako ambao hawarudishi mbao tena. Hununua mabamba ya simenti yenye nyuzi na kuyapigilia misumari nje ya nguzo. Shauri hili si baya. Mchwa hawali simenti, moto haushiki juu yake, na mvua haiiozeshi kama iozeshavyo mbao.

Lakini bamba la simenti si ubao, ingawa hupigiliwa misumari kama ubao. Mtu akilikata kwa msumeno wa mbao, meno hukwisha kabla kazi haijafika nusu. Akilikata kwa grinda, vumbi jeupe hujaa uani, na mwenye nyumba, fundi na watoto wote hulivuta. Hasara ya meno huonekana siku ile ile. Hasara ya vumbi yaweza kukawia miaka ishirini kabla haijaonekana.

Basi, somo la mwezi huu ni hili: kuchagua msumeno ni kuchagua vumbi. Msumeno ufaao hutoa vumbi kidogo tena zito, lianguke chini. Msumeno usiofaa hutoa vumbi jingi tena jepesi, liingie kifuani. Tena yako mabamba ambayo hayafai kukatwa kwa msumeno wowote. Tutaanza na hayo, kwa sababu huenda yako karibu nawe kuliko unavyodhani.

1. KWANZA JUA BAMBA LAKO

Mabamba ya simenti yenye nyuzi si kitu kipya. Mtu mmoja wa Austria, jina lake Ludwig Hatschek, alipata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1901. Alichanganya simenti na nyuzi za asbesto, ambayo ni jiwe lichimbwalo ardhini na kuchambuliwa kama pamba. Mabamba yake yalikuwa mepesi, yenye nguvu, na hayakuungua. Kwa hiyo yalienea dunia nzima. Hapa Kenya yaliezekwa juu ya shule, ofisi na nyumba nyingi za wafanyakazi wa serikali.

Baadaye watu wakatambua ubaya wake. Mwaka 1955 daktari Richard Doll wa Uingereza alionyesha kwamba wafanyakazi wa kiwanda cha asbesto walikuwa wakifa kwa saratani ya mapafu kuliko watu wengine. Mwaka 1960 daktari J. C. Wagner na wenzake wa Afrika Kusini waliandika habari za wagonjwa 33 wenye saratani ya utando unaozunguka mapafu, ugonjwa ambao zamani ulikuwa nadra sana. Karibu wote walikuwa wamekaa au kufanya kazi penye asbesto, na wengine wao hawakupata kuingia mgodini hata siku moja. Walikua tu karibu na migodi hiyo. Mwaka 1965 uchunguzi uliofanywa London ulionyesha jambo la kuhuzunisha zaidi: miongoni mwa wagonjwa walikuwamo watu ambao hawakugusa kazi ile, ila waliishi nyumba moja na mfanyakazi wa asbesto, na wengine walikuwa wakimfulia nguo zake.

Kenya iliiweka asbesto katika orodha ya taka za hatari kwa kanuni za mwaka 2006. Lakini mabamba ya zamani hayakutoweka siku hiyo. Lumakanda na sehemu nyingine za Lugari zilikuwa nchi ya mashamba makubwa ya walowezi, yakagawanywa kwa wananchi katika miaka ya 1960, wakati wa mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962. Pengine familia ilipata shamba pamoja na ghala, nyumba au banda lililokuwa juu yake. Pengine mtu alinunua mabamba yaliyobomolewa shuleni, akayaweka nyuma ya zizi akisema yatamfaa siku moja.

Ikiwa unayo mabamba ya namna hiyo, ya kijivu, ya zamani, na hujui yalitengenezwa lini, yahesabu kuwa ni asbesto. Hakuna mtu awezaye kuitambua kwa macho tu. Yataka kupimwa maabara. Shika amri hizi:

(a) Usiyakate, usiyatoboe, wala usiyapige msasa. Hakuna msumeno wa kuyafaa, hata wa bei kubwa.

(b) Usiyasugue kwa brashi wala kuyaosha kwa maji ya nguvu.

(c) Usiyavunje ili kujaza mashimo ya njia, wala usiyatie katika banda la kuku, wala usiyafanye kihori cha ng'ombe.

(d) Usiyachome moto. Asbesto haiungui, bamba hupasuka kwa moto na nyuzi hutawanyika.

(e) Kama bado ni mazima na yamekaa mahali pake, yaache. Bamba zima lisiloguswa halitoi nyuzi nyingi. Kama yamevunjika au ni lazima yaondolewe, mwambie Afisa wa Afya, au upeleke habari kwa ofisi ya NEMA, yaani mamlaka ya serikali ya kusimamia mazingira. Kazi ya kuyaondoa ni ya watu wenye leseni.

Mabamba mapya yafaayo hayana asbesto. Nyuzi zake zatoka katika miti, kama nyuzi za karatasi. Lakini ziko nchi ambazo hata leo zatengeneza simenti ya asbesto. Kwa hiyo unaponunua, usitosheke na neno la mdomo. Tafuta maandishi kwenye bamba au kwenye karatasi yake yasemayo kwamba halina asbesto. Pasipo maandishi, usinunue.

2. KWA NINI BAMBA JIPYA LAMALIZA MENO

Sasa tuseme unalo bamba jipya, zuri, lisilo na asbesto. Limetengenezwa kwa simenti, mchanga uliosagwa, nyuzi za miti na maji. Kinachomaliza msumeno ni ule mchanga. Kila mkulima ajua jinsi jembe liingiavyo katika udongo mwekundu mwaka baada ya mwaka, na jinsi liishavyo upesi katika changarawe. Ndivyo ilivyo hapa. Chembe ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha kawaida cha msumeno. Jino la chuma lifikapo hapo, mchanga ndio unaolikata jino.

Mchanga huo huo ndio uletao hatari ya pili. Ukisagwa na kuwa vumbi jembamba sana, pua haiwezi kulizuia. Unywele wa mtu una unene wa mikroni kama 70, na mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Vumbi linaloingia ndani kabisa ya mapafu halifikii mikroni 10. Hulioni likielea. Unaloliona juu ya kofia yako ni lile zito. Lile jepesi umekwisha kulivuta.

Vumbi la mchanga likikaa mapafuni huleta makovu, na makovu hayo hayaponi. Mgonjwa hukosa pumzi kidogo kidogo, mpaka kupanda kilima na debe la maji humshinda. Tena mtu mwenye vumbi hilo kifuani hushikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Mwaka 1997 idara ya Shirika la Afya Duniani ichunguzayo saratani ililiweka vumbi hilo katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu. Usidhani, basi, kwamba kwa kuwa bamba ni jipya vumbi lake si kitu.

Mtu akataye mabamba matatu maishani mwake hana sababu ya kuogopa sana. Bali fundi akataye kila siku, kijiji hadi kijiji, yumo hatarini. Huyo fundi pengine ni mwanao. Nawe mwenye nyumba ndiwe utakayemwambia akate kwa chombo gani.

3. VYOMBO VIPATIKANAVYO DUKANI

Tutavitaja kuanzia kilicho bora.

Kisu cha kuchanjia. Hiki ni kisu kifupi chenye ncha ya kabaidi, madini magumu kuliko chuma. Hakikati bamba; hulichanja tu. Wapitisha kisu mara nne au tano juu ya mstari, ukifuata ubao ulionyooka, mpaka alama ifike kama theluthi moja ya unene. Kisha wainua upande mmoja juu kwa nguvu moja, na bamba huvunjika palipo na alama. Vumbi lake ni dogo sana, umeme hautakiwi, na bei yake ni ndogo. Kwa bamba la unene wa milimita 6 na mstari ulionyooka, hakuna njia ipitayo hii. Upungufu wake ni kwamba hakiwezi kukata pembe ya ndani, na bamba nene hukishinda.

Bledi ya almasi yenye meno machache. Hii hufungwa kwenye msumeno wa umeme wa duara, ule seremala autumiao kwa mbao. Kwenye ncha ya kila jino pamegandishwa kipande cha almasi ya kiwandani. Bledi ya kipenyo cha milimita 184 au 185 kwa kawaida ina meno 4 tu. Kubwa zaidi huwa na 6 au 8. Hii ndiyo bledi iliyofanyiwa kazi hii. Bei yake ni ya juu kuliko ya mbao, lakini huishi muda mrefu sana kuliko bledi nyingine.

Bledi ya kabaidi. Hii ndiyo bledi ya kawaida ya mbao. Meno yake yana ncha za kabaidi. Itakata simenti, lakini kwa muda mfupi, na ikishaanza kuwa butu hutoa unga mwembamba na kuchoma. Kama una mabamba mawili au matatu tu, na kisu hakitoshi, waweza kuitumia. Chagua yenye meno machache, 24 au pungufu, wala si 40 au 60. Usirudi nayo kwenye mbao.

Msumeno wa mkono. Msumeno wa kawaida wa mbao utakatika meno. Kama unao mkuukuu usiouhitaji tena, wafaa kwa kazi ndogo, kama pembe ya dirisha. Nyunyiza maji kidogo kwenye mstari ukikata, vumbi ligeuke tope. Uko pia msumeno wa mkono wenye ncha za kabaidi, huo hudumu.

Grinda yenye disiki ya almasi. Watu wengi huikimbilia kwa sababu kila fundi anayo. Hukata upesi, ni kweli. Lakini disiki yake haina meno. Ina ukingo unaosaga. Grinda ndogo ya milimita 115 huzunguka mara 11,000 hivi kwa dakika. Ukipiga hesabu, ukingo wa disiki hukimbia kama mita 66 kila sekunde. Chochote kisagwacho kwa mbio hizo huwa moshi. Kwa kukata mabamba ya nyumba nzima, grinda ndiyo njia mbaya kuliko zote. Iache kwa mkato mmoja mdogo usiowezekana kwa njia nyingine, tena nje, na mask imevaliwa.

Neno moja zaidi juu ya grinda, nalo ni kubwa. Wako watu wafungao bledi ya meno ya mbao kwenye grinda. Hii ni hatari ya kufa. Grinda haikutengenezwa kwa meno. Jino likinasa, grinda huruka nyuma kabla mkono haujajua, nayo hurukia paja, tumbo au shingo. Usifanye hivyo kamwe, wala usimkubalie fundi afanye hivyo katika boma lako.

4. MZEE NA FUNDI DUKANI

Watu wengi hushangaa kusikia kwamba meno machache ni bora. Sikiliza mazungumzo haya, ambayo yangeweza kuwa ya duka lolote la vifaa vya ujenzi:

Mzee: Fundi, ile bledi ya meno 40 ni rahisi, na meno yake ni mengi. Kwa nini nilipe zaidi nipewe meno manne?

Fundi: Mzee, ile ya 40 ni ya mbao. Ubao wataka meno mengi ili usichanike. Simenti haichaniki, husagika. Meno 40 yatasaga unga kama wa posho. Meno manne yatabandua punje kama mahindi ya kuvunjwa ya vifaranga.

Mzee: Na tofauti yake ni nini? Vyote si vumbi?

Fundi: Punje huanguka chini, tukazifagia. Unga huelea.

Mzee: Huelea kwenda wapi?

Fundi: Kwangu na kwako, mzee.

Fundi huyo amesema kweli. Tena lazima tuongeze: hata meno manne ya almasi hutoa vumbi jembamba kiasi fulani. Bledi nzuri hupunguza hatari, haiimalizi. Kwa hiyo mashauri ya sehemu ya sita hapa chini yawahusu wote.

5. KUSOMA MAANDISHI YA BLEDI

Kabla ya kulipa, igeuze bledi mkononi, usome mambo matano:

Kwanza, ni ya kazi gani. Tafuta maandishi ya simenti yenye nyuzi. Bledi ya almasi ya kukatia vigae si hiyo. Ile haina meno.

Pili, idadi ya meno. Yahesabu kwa kidole.

Tatu, kipenyo. Kiwe sawa na kilichoandikwa juu ya msumeno wako. Bledi kubwa haitaingia ndani ya kinga, na mtu atakayeivua kinga ili iingie ajitafutia kilema.

Nne, tundu la katikati. Yako matundu ya milimita 15.9, ya 20, na mengine. Tundu likiwa kubwa kuliko mhimili, bledi itatikisika. Tumia pete ya kupunguzia iliyotengenezwa kwa kazi hiyo; usijaze kwa kipande cha bati.

Tano, mbio. Juu ya bledi pameandikwa mizunguko ya mwisho kwa dakika. Namba hiyo iwe sawa na ile ya msumeno au izidi. Tuseme bledi imeandikwa 7,000 na msumeno wako 5,500: ni salama. Tuseme disiki ya grinda kubwa imeandikwa 6,600, nawe waifunga kwenye grinda ndogo ya 11,000: yaweza kupasuka na vipande vyake vikaruka kama risasi.

6. KAZI YENYEWE

Pa kukatia pawe nje, mbali na mlango, jiko na kisima. Tazama upepo, kama utazamavyo unapopepeta maharagwe. Simama upepo utokako, vumbi liende mbele yako. Watoto na mifugo waondolewe upande ule mwingine.

Lilaze bamba juu ya mbao zilizonyooka, pande zote za mstari ziwe zimeshikiliwa. Bamba lisiloshikiliwa hupasuka lenyewe kabla ya kukatika. Kwa msumeno wa duara, upande mzuri uwe chini, maana bledi huingia kutoka chini na kubandua juu. Kwa kisu, upande mzuri uwe juu. Shusha bledi ipite bamba kwa milimita 6 tu. Isukume pole pole, bila kuilazimisha.

Usimwage maji juu ya msumeno wa umeme ambao haukutengenezwa kwa maji. Umeme wa nyumbani ni volti 240, nao haujali kwamba ulikuwa na nia njema ya kuzuia vumbi. Kama msumeno una mdomo wa kufungia mfuko au mashine ya kunyonya vumbi, ifunge.

Vaa miwani ya kazi na mask ya vumbi iliyoandikwa FFP2 au N95. Kitambaa au leso hakitoshi. Vumbi jembamba hupita humo. Ndevu nyingi huacha mwanya, na mwanya ndio mlango wa vumbi.

Kazi ikiisha, usifagie makavu. Nyunyiza maji, fagia tope, litie katika gunia na kulifukia mahali pasipolimwa. Usipulize nguo kwa kompresa wala usizikung'ute mlangoni. Zivue nje, uzitie ndani ya maji kwanza, nazo zifuliwe peke yake, zisichanganywe na za watoto. Kumbuka wale watu wa London waliougua kwa kuishi na mfanyakazi tu. Vumbi lao lilikuwa la asbesto, baya kuliko hili. Lakini njia ya nguo ni ile ile.

7. PIMA NYUMBA KWA BAMBA

Njia bora ya kupunguza vumbi ni kupunguza mikato, na hiyo haigharimu hata senti. Fanya hesabu kabla ya kusimamisha nguzo.

Tuseme mkulima ataka nyumba ya futi 30 kwa 20, kuta za kimo cha futi 8. Bamba la kawaida lina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4. Hulisimamisha wima, limalize kimo chote bila kukatwa. Upande wa futi 20 wataka mabamba 5 kamili. Pande mbili ni 10. Upande wa futi 30 wataka mabamba 7, ambayo ni futi 28, na futi 2 zabaki. Pande mbili ni mabamba 14, na vipande viwili vya futi 2. Bamba moja likichanjwa katikati latoa vipande vyote viwili. Jumla ni mabamba 25, na mkato mrefu ni mmoja tu, kabla ya kuhesabu milango na madirisha.

Mwenzake alichagua futi 31 kwa 21 bila kufikiri. Huyo atahitaji kipande kilichokatwa kila upande wa nyumba, na mikato yake mirefu ni miwili badala ya mmoja. Amenunua vumbi kwa fedha zake.

Kadhalika madirisha. Dirisha lenye upana wa futi 4, likikaa mahali pa bamba moja hasa, huhitaji kipande cha juu na kipande cha chini, vyote vimekatwa kwa mstari ulionyooka. Kisu cha kuchanjia chatosha. Dirisha likikaa nusu juu ya bamba hili na nusu juu ya lile, utakata pembe za ndani nne, na hapo ndipo grinda hutafutwa. Hakikisha tu kwamba kila ungio la mabamba laangukia juu ya nguzo, acha nafasi ndogo kama ilivyoandikwa na watengenezaji, na kulifunika ungio kwa ubao mwembamba.

8. BEI NA USHIRIKA

Mkulima atasema, "Bledi ya almasi ni ghali, nami nina nyumba moja tu." Ni kweli. Lakini bledi hiyo yaweza kumaliza nyumba yako na za majirani, na ikabaki kali. Katika skimu watu walianza maisha kwa ushirika, wakauza maziwa na mahindi kwa pamoja na kununua mbolea kwa pamoja. Jirani wanne wanaotaka kujenga mwaka mmoja waweza kuchanga bledi moja na kununua visu vinne. Waiweke kwa mmoja wao, ndani ya ubao wenye ufa, meno yasigongane na vyuma vingine. Aichukuaye aandike jina na siku katika daftari.

Kama wamtumia fundi wa kukodi, wekeni katika mapatano yenu jambo hili: mwenye nyumba atatoa bledi na mask, na fundi atazitumia. Fundi mwenye haraka atasema kwamba yeye amezoea grinda na hajapata kuugua. Mjibu kwa upole kwamba mapafu hayana haraka.

MASWALI YA KUJIPIMA

Someni maswali haya katika kikundi chenu, mjibu kabla ya kurudia somo.

1. Umepata mabamba ya kijivu ya zamani nyuma ya ghala. Jirani ataka kuyakata afanye banda la kuku. Utamwambia nini, nawe utapeleka habari wapi?

2. Ni kitu gani ndani ya bamba jipya kimalizacho meno ya msumeno?

3. Kwa nini meno 4 hutoa vumbi pungufu kuliko meno 40?

4. Disiki imeandikwa 6,600 na grinda imeandikwa 11,000. Je, zafaa kufungwa pamoja? Kwa nini?

5. Nyumba ya futi 28 kwa 20, kuta futi 8. Bila kuhesabu milango na madirisha, utahitaji mabamba mangapi ya futi 8 kwa 4, na mikato mingapi?

6. Taja mambo matatu ya kufanya kazi inapokwisha, kabla ya kuingia nyumbani.

Jibu la swali la tano ni mabamba 24, wala hakuna mkato hata mmoja. Ukilipata, umelielewa somo. Ukuta wa simenti utakaa miaka mingi. Yafaa na aliyeujenga akae nao.